Mafuta ya Ndege

Kila swali, Sajini Njura alijibu tano.

"Ulifundishwa kufanya kazi na majeshi ya nchi nyingine?"

"Tano, madam."

"Ulifundishwa kupokea na kutoa vifaa vya kikosi cha anga?"

"Tano."

Kathambi, mkewe, alikuwa jikoni akimenya viazi, na mlango wa kati ulikuwa wazi. Alikuwa ameisikia hiyo tano mara tisa. Alijua maana yake, kwa sababu yule dada mwenye fomu alikuwa ameieleza tangu mwanzo, polepole, kama anayefundisha watoto wa nasari: moja ni hukufundishwa kabisa, tano ni ulifundishwa ukatosheka. Na Hezekiah Njura, mtu ambaye tangu amuoe hajawahi kukubali kwamba chai ina sukari ya kutosha, leo alikuwa anagawa tano kama peremende za Krismasi kanisani.

Wageni walikuwa wawili. Meja Munyi, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha kuazimwa kwa jirani, maana viti vya mwenye nyumba vilikuwa vimetoboka na springi zingemchoma mkubwa mahali pasipotajika. Mwenzake, Caroline, alikuwa mtafiti kutoka Nairobi, hakuwa mwanajeshi, na aliandika kwa penseli. Walisema hawakuja kutafuta makosa ya mtu. Walikuwa wakizunguka nchi nzima kuwahoji watu wa stoo na uchukuzi wa jeshi, wapime jinsi wanavyoandaliwa kabla ya kutumwa kwenye kazi za pamoja, zile ambazo watu wa nchi kavu, wa angani na wageni kutoka pande zote za dunia huwekwa chini ya amri moja. Njura alikuwa ametoka huko Februari hiyo ya 1994, baada ya mwaka mzima kwenye nchi ya mbali yenye vita. Hapo Manyatta ya Embu watu waliiita "misheni," na waliitamka kwa heshima kwa sababu ndiyo iliyoijenga hii nyumba ya mawe waliyoketi.

Ukutani, katikati ya kalenda ya chama cha kahawa na picha ya akina mama wa kanisa, kulikuwa na cheti ndani ya fremu ya dhahabu. Kilisema kwamba Hezekiah Njura alihudhuria na kufuzu kozi ya ugavi wa majeshi ya pamoja, wiki mbili, Agosti 1992. Kathambi alikipangusa vumbi kila Jumamosi.

"Swali la kumi na mbili," Caroline akasoma. "Kuna wakati wowote ambapo ukosefu wa mafunzo ulisababisha kuchelewa, hasara au kifo?"

Kathambi akasimamisha kisu.

"Hiyo ya Kathuri iko kwa faili, Sajini," Meja akasema. "Sema tu kwa kifupi, madam aandike."

"Ilikuwa kuchelewa, Afande. Helikopta ilikosa mafuta masaa sita."

"Ilikosa, ama ililetewa yasiyo yake?"

"Ililetewa yasiyo yake."

"Na aliyeyatoa stoo?"

"Ni mimi, Afande."

Kisu kilimponyoka Kathambi kikaanguka ndani ya karai la maji. Hakukiokota. Alitazama kiazi alichokuwa nacho mkononi, nusu kimemenywa, nusu na ganda lake jekundu. Kathuri. Kathuri yule wa Kiirua, kopla, dereva, mtoto wa Kawira. Walikuwa wamemzika Oktoba iliyopita. Njura ndiye aliyelileta jeneza kutoka uwanja wa ndege mpaka kwa mamake, kwa kuwa Kathambi alikuwa mtu wa Ruiri, karibu na Kiirua, na jeshi likaona ni vizuri atumwe mtu anayejulikana, kisha arudi misheni. Kathambi mwenyewe alikuwa amepika kwenye msiba huo siku tatu. Walichoambiwa ni kwamba lori lilipinduka akafa palepale, hata hakuhisi uchungu. Hayo ndiyo aliyoyasema Njura, amesimama wima mbele ya kaburi na kofia mkononi, na Kawira akamshika mikono yote miwili akamshukuru kwa kumrudisha mwanawe nyumbani.

Tangu siku hiyo, kila msimu, Kawira aliwatumia gunia la viazi kwa basi. Viazi alivyokuwa akivimenya vilitoka kwake.

"Basi kwa jumla," sauti ya Caroline ikaendelea kule sebuleni, "mafunzo yako yalikuandaa kwa kiwango gani?"

"Tano, madam," akasema Njura.

*

Meja aliomba kuonyeshwa choo, na Caroline akaenda kwenye gari kutafuta fomu ya mwisho. Njura aliingia jikoni kuchukua maji ya kunawa mikono ya wageni. Alimkuta mkewe amesimama, na karai la viazi liko sakafuni.

"Baba Lorna, Kathuri alikufa aje?"

"Si umesikia."

"Nataka uniambie mimi. Sio hao."

Njura akatazama nje ya dirisha, kwenye mibuni, kuona Meja yuko umbali gani. Kisha akasema kwa haraka na kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma orodha.

"Lori ilipinduka, hiyo ni kweli. Lakini hakukufa hapo. Alikuwa anavuja damu ndani. Ilitakiwa helikopta imtoe, na helikopta ilikuwa imeishiwa. Wakaniita kwa redio, lete mafuta ya ndege. Mimi nilikuwa nayo kwa stoo. Mapipa ilikuwa imekuja ya aina mbili, na maandishi yalikuwa ya lugha yao. Nikafungua ya kwanza, nikanusa. Mafuta ya taa! Hii hii." Akaonyesha stovu yao ya tambi iliyokuwa ikiwaka bluu chini ya sufuria. "Nikajiambia hawa watu wa bandari wamechanganya, wametuletea ya kupikia. Helikopta, Kathambi! Kitu ya mamilioni! Ni nani angeamini inakunywa kitu ya koroboi? Nikaweka kando. Pipa moja nikapatia wapishi. Nikafungua zile zingine, nikanusa, petroli, kali, safi kabisa. Nikasema haya sasa ndiyo mafuta ya ndege. Nikatuma lori na mapipa nane."

"Na hayakuwa."

"Ni ya ndege, lakini zile ndogo zenye pangaboi puani, si ya helikopta. Rubani alinusa mara moja tu. Alicheka kwanza. Alidhani ni mchezo."

Kathambi alishika ukingo wa meza. Stovu ilikuwa ikitoa ile harufu yake ya kila siku, harufu aliyoamka nayo na kulala nayo tangu utoto wake, na kwa mara ya kwanza akajifunika pua kwa leso.

"Na yale ya kweli yalikuwa wapi?"

"Nyuma ya stoo yangu, ni yale niliweka kando. Ilikuwa barabara mbaya, lori masaa matatu kurudi na matatu kwenda tena. Kathuri alilazwa kwa machela chini ya turubai hapo kando ya helikopta. Waliniambia alikuwa anaongea mpaka karibu mwisho."

"Na wale wapishi. Lile pipa uliwapa."

"Walipikia."

"Ukakula?"

Njura akashika jagi la maji. "Nilikula," akasema.

Kathambi alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumshika. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu jambo jingine lilikuwa linamjia, na alipojaribu kulizuia lilikuja tu. Agosti 1992. Njura amerudi nyumbani kwa likizo fupi, wako kitandani, nyumba ni ile ya mbao, na yeye anamsimulia mkewe jinsi alivyozishinda wiki mbili akibeba magodoro. Kozi ilikuwa ya maafisa. Yeye alikuwa mtu wa stoo tu, wa kuwagawia magodoro, sahani na blanketi, na kuyahesabu tena asubuhi. Lakini kila alichokitoa alikitia sahihi, kama ilivyo desturi ya mtu wa stoo kutia sahihi kila karatasi inayopita mbele yake, na karani mmoja akaichukua karatasi yenye sahihi yake akaiunganisha na daftari la mahudhurio. Siku ya kufunga, jina lake likasomwa. Akapanda jukwaani akapewa cheti cha kutandika vitanda! Walicheka usiku ule mpaka Lorna akaamka chumba cha pili.

Halafu Njura alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amesikia kwamba wenye cheti hicho ndio watakaotumwa misheni. "Na siku wakiniuliza mambo ya ndani?" alimwambia mkewe. Naye Kathambi, aliyekuwa amechoka na mvua kuvuja juu ya kitanda chake, akajigeuza upande wa pili akasema, "Nani atakuuliza?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyekipeleka cheti Embu mjini kikatiwe fremu.

"Basi wamekuja kuuliza," alisema sasa. "Na wewe unasema tano."

"Nikisema moja, watauliza cheti nilitoa wapi. Nimebakisha miezi nane nipate pensheni, Kathambi. Miezi nane! Lorna ako form two. Ningesema nini?"

Hofu ilimwingia Kathambi pia, hofu ya kweli, ya ada na ya unga na ya macho ya watu wa Manyatta. Aliokota karai, akaviosha viazi upya, akavitia kwenye sufuria. Chumvi alitia mara mbili bila kujua.

*

Walikula mezani, watatu, na Kathambi akisimama pembeni kama mke anavyosimama wageni wakubwa wakila. Meja alikula viazi kwa bidii. Hakusema lolote kuhusu chumvi.

"Waru hii ni tamu, mama. Sio ya huku kwetu."

"Ni ya Kiirua."

"Mko na shamba huko?"

"Hapana. Tunatumiwa."

"Na nani? Mwambie anitumie mimi pia."

"Na mama ya Kathuri," Kathambi akasema.

Kijiko cha Meja kilikuwa njiani. Kilisimama hewani, kisha kikarudi kwenye sahani kikalala, na Meja hakukigusa tena. Njura aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai aliyokuwa ameivaa kwa heshima ya wageni. Caroline peke yake ndiye hakuelewa, kwa sababu kwenye fomu zake marehemu hawakuwa na mama. Alijipangusa mdomo, akavuta karatasi zake karibu, akatabasamu kama mtu anayemaliza kazi.

"Sajini, unajua wewe ni wa thelathini na saba? Ndiwe wa mwisho. Na wote, hata mmoja hakutuangusha, ni tano tupu. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Kwa hivyo ripoti itasema kozi iko sawa, iendelee hivyo hivyo. Kuna kundi lingine linaenda Septemba."

"Wangapi?" Kathambi akauliza.

Caroline akageuka kumtazama, akishangaa kidogo kwamba mama wa chai anauliza. "Wa stoo? Kumi na wawili."

"Na wamefundishwa?"

"Wako na vyeti, mama."

Kathambi alienda ukutani. Ilimbidi asimame kwa ncha za vidole, na aliposhusha ile fremu ya dhahabu ilibaki alama nyeupe ya mstatili, safi, kwenye rangi iliyochafuliwa na moshi. Akaiweka mezani katikati ya sahani za viazi.

"Baba Lorna," akasema, "hao ndio wanaouliza."

Meja alimtazama Njura, na macho yake hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yakimsihi.

"Sajini. Fikiria kwanza. Cheti hiki kina sahihi ya mkubwa wangu."

"Naiona, Afande."

"Ile habari ya mafuta iliandikwa bahati mbaya. Imefungwa. Hakuna mtu anaifungua, isipokuwa wewe mwenyewe."

Njura alinyoosha mkono akaifuta fremu kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame, ila miaka kumi na tisa ya jeshi haimwachi mtu azungumze mambo mazito akiwa ameketi.

"Madam, mimi sikufanya kozi hiyo. Nilikuwa napeana magodoro. Jina langu liliingia kwa kosa, na nikaliacha kwa kupenda. Ningekaa ndani ya darasa hata siku moja ningejua kuna mafuta mbili ya ndege. Mtu angekuwa ameniambia tu. Ni neno moja. Hata dakika tano haiwezi maliza."

Caroline alimtazama Meja, Meja akatazama sahani yake. Uso wa yule dada ulikuwa umebadilika rangi, na ghafla alionekana mdogo sana, kama aliyetoka chuo jana.

"Na wale thelathini na sita wengine?" akauliza, karibu kwa kunong'ona. "Wao pia...?"

"Hiyo siwezi kujua, madam. Lakini mimi ni mtu wa stoo. Mtu wa stoo akiulizwa na mkubwa kama kitu kipo, anasema kipo, halafu ndiyo anaenda kutafuta."

Caroline akatoa kifutio mkobani. Alifuta tano ya kwanza, akaandika moja. Akafuta ya pili. Kulikuwa na maswali kumi na saba, na akafuta kila tano mpaka akafika la mwisho. Vumbi la kifutio alilipuliza, likaanguka kwenye viazi.

Meja alivaa kofia yake akiwa bado ndani ya nyumba. Mlangoni akamwambia Njura kwa Kiembu, kama mtu wa nyumbani anavyomwambia mwenzake, kwamba ataitwa kambini Jumatatu ijayo, na avae sare nzuri, kwa kuwa huenda ikawa mara ya mwisho kuivaa. Kathambi hakumpa mkono. Meja naye hakuutafuta.

*

Jumamosi yake walienda Kiirua. Hawakubishana kama waende au wasiende. Njura alisema tu kwamba habari ikishatoka mikononi mwa jeshi itafika huko kwa mdomo wa mtu mwingine, na hilo hangeliweza. Kathambi alikunja lile gunia tupu akalitia kwenye kikapu, maana gunia la watu hurudishwa.

Kawira alikuwa shambani anachimba viazi. Alipowaona alipiga kelele ya furaha, akaja akijipangusa udongo kwenye leso, akawashika mikono, akamkaripia Kathambi kwa kukonda. Hakutaka kusikia habari za kuketi ndani. Alilichukua gunia kikapuni kabla hata hajapewa, akalikung'uta, akaanza kulijaza hapo hapo shambani, akichagua vile vikubwa.

"Mwaka huu mvua imetupenda," akasema. "Mtabeba mpaka mgongo uume."

"Mama Kathuri," Njura akaanza kwa Kiswahili, amesimama wima, "nimefika hapa kukujulisha kwamba..."

"Kwani niko ofisini? Usiniletee Kiswahili. Sema kama mtu wa nyumbani."

Basi akasema kwa Kiembu, na Kawira akasikiliza kwa Kimeru chake, na katika lugha hizo mbili zilizo jirani hakukuwa na neno hata moja lililopotea njiani. Alimwambia kuhusu mapipa. Alimwambia kuhusu harufu. Alimwambia mwanawe hakufa palepale. Kawira alikuwa bado anatia viazi guniani, kimoja kimoja, polepole zaidi, kisha mkono ukasimama.

"Masaa sita," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anaongea?"

"Waliniambia alikuwa anaongea."

"Alisema nini?"

"Sijui. Hawakujua lugha yake."

Kathambi alianza kulia bila sauti. Kawira hakulia. Alikuwa anamtazama Njura usoni kwa mshangao mtupu, kama anayejaribu kukumbuka ni wapi alimwona mtu huyu.

"Wewe hukujua mafuta ni ipi."

"Sikujua."

"Lakini uliwaambia unajua."

"Niliwaambia najua."

"Na hapa kwa kaburi ukaniambia hakuhisi uchungu."

"Nilikuambia hivyo."

Kawira akatikisa kichwa kidogo, kama aliyeridhika kwamba hesabu imekamilika. Gunia lilikuwa limejaa nusu. Alilishika pembe mbili za chini, akaliinua kwa nguvu ambazo Kathambi hakudhani anazo, akamimina viazi vyote ardhini. Vilibingirika mpaka kwenye viatu vya Njura. Alilikung'uta mara mbili, udongo ukaruka, akalikunja vizuri kwa nne kama linavyokunjwa gunia la kurudishwa, akamwekea Kathambi mkononi.

"Shika gunia lenu," akasema.

Kisha akapiga magoti, akaendelea kuchimba.